Stoo ya Dola 49 Hailipiwi Dola 49

Mswahili wa hapa Houston anayekwenda nyumbani kwa miezi kadhaa, au anayekusanya mizigo ya kujaza kontena la Dar au Mombasa, mwisho wake huwa ni kwenye stoo za kukodi. Nimekodi mara nyingi, na nimesindikiza jamaa kibao. Bei ya mtandaoni haijumlishi bima, na kampuni nyingi za stoo zinailazimisha kwenye mkataba.

Chukua stoo moja niliyomsindikiza rafiki. Tangazo lilisema dola 49 kwa mwezi. Kaunta ikaja kodi 49, ada ya usajili 29, kufuli 18, bima 17. Dola 113, na hata godoro halijaingia. Usajili na kufuli unalipa mara moja yanaisha. Hiyo 17 ndiyo inayorudi kila mwezi, na kwa mwaka ni dola 204, yaani kodi ya miezi minne na chenji juu.

Mhudumu akisema bima ni lazima, mara nyingi hadanganyi. Bima ya kampuni inalinda jengo lao. Mali yako haimo, na mkataba unasema hivyo waziwazi. Ila si lazima ununue ya kwao, na hilo wengi hawalisemi mpaka uulize: "Nikileta bima yangu mnaipokea?" Mara nyingi wanaipokea. Ni ile bima ya mpangaji (renters insurance, inayolinda vitu vyako) ambayo huenda mwenye apatimenti alishakulazimisha kukata. Mwambie wakala wako akutumie karatasi ya muhtasari yenye jina lako, namba ya bima, kiwango (kiasi cha juu inacholipa) na tarehe ya kuisha. Iwasilishe kwa imeili, si kwa mkono, halafu kagua bili ya mwezi unaofuata, maana makato hayajifuti yenyewe. Na bima ikihuishwa, peleka karatasi mpya. Tarehe ikipita, kompyuta yao inaweza kukurudishia ile 17 bila hata simu.

Sasa hesabu. Bima nyingi za wapangaji hulipia vitu vilivyo stoo hadi asilimia 10 tu ya kiwango chako. Una bima ya dola 20,000? Vitu vya stoo vinalipiwa hadi dola 2,000, na kama umekubali kubeba 500 za kwanza mwenyewe, zimebaki 1,500. Kwa makochi na vyombo inatosha. Kwa mashine za cherehani na televisheni za kwenda kuuza, haitoshi, na bidhaa za biashara zina masharti yake. Muulize wakala kabla hujapakia.

Wanaokwenda nyumbani ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Mtu anarudisha apatimenti, na ili asipoteze hela anasitisha bima ya mpangaji. Bima ile ndiyo iliyokuwa inalinda stoo! Yupo Tanga anakula samaki, vitu vyake Texas havina mlinzi. Kwa huyo, bima ya pale kaunta inaweza kuwa sawa, au atafute bima ya stoo inayouzwa peke yake na alinganishe.

Ukinunua ya kwao, soma jina lake. Ikiitwa "mpango wa ulinzi" (protection plan), mara nyingi kisheria si bima. Ni nyongeza ya mkataba wa kukodi, kwa hiyo mkigombana usitegemee ofisi ya bima ya jimbo. Soma pia visivyolipwa: fedha taslimu na vito karibu kila mahali havimo, na wizi usioacha alama ya kuvunjwa kwa mlango hukataliwa. Kufuli la bei rahisi linalofunguka bila kuvunjika halikusaidii chochote. Mafuriko nayo: bima ya kawaida ya mpangaji hailipi, na mipango mingi ya stoo hivyohivyo. Aliyekuwa Houston kimbunga Harvey kilipopita Agosti 2017 hahitaji maelezo. Mimi huomba chumba cha ghorofa ya pili, hata kama ngazi inachosha.

Siku ya kuhama, toa notisi kwa maandishi na uombe uthibitisho kwamba kodi na bima vyote vimefungwa. Kisha kagua kadi yako mwezi unaofuata, hata ukiwa umeshafika Dar.