Mara ya kwanza tu, anaweza kushika mimba?

Dada, umeuliza kama binti wa miaka 14 anaweza kushika mimba mara ya kwanza tu, tena kabla hajavunja ungo. Ndiyo, anaweza. Yai linaweza kupevuka wiki mbili hivi kabla ya damu ya kwanza kuonekana, kwa hiyo "bado mdogo huyo" si kinga.

Chanzo cha mimba hizi za utotoni, naomba tusikimbilie kusema ni tamaa. Wengi hawajawahi kuambiwa lolote, wengine wanaozeshwa, wengine wanalazimishwa na mtu mzima wanayemheshimu. Hawa wa mwisho ndio wanaoniuma zaidi, maana binti hunyamaza mpaka tumbo lionekane.

Hatari zipo: kifafa cha mimba, upungufu wa damu, mtoto njiti. Wakati wa kujifungua, nyonga isiyokomaa inaweza kumkwamisha mtoto kwa siku nzima au zaidi, na hapo ndipo fistula inapoanzia, yaani tundu kati ya kibofu na uke, mkojo unavuja bila kukoma. Mjamzito akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au akivimba uso, hospitali siku hiyo hiyo.

Ongea na binti mapema, taja viungo kwa majina yake. Kufundishwa hakumfanyi aanze ngono mapema, tafiti zimeonyesha. Kondomu, sindano na vipandikizi vipo. Kama ameshafanya ngono bila kinga, vidonge vya dharura hutumika ndani ya siku 5, ila kadiri anavyochelewa ndivyo vinavyopungua nguvu. Kama alilazimishwa, awahishwe kituo cha afya kabla ya saa 72, apate na dawa za kuzuia VVU.