Kupata nafuu si sababu ya kuacha lithiamu

Dada, umeuliza kama mdogo wako mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, aache lithiamu, dawa ya kutuliza hali hiyo, kwa kuwa sasa yuko sawa. Tafadhali asiache ghafla, mara nyingi ugonjwa hurudi upesi. Akitaka kupunguza, aongee na daktari wake. Chungeni sana usingizi: akilala masaa matatu tu, siku mbili mfululizo, na bado ana nguvu tele, anaongea mbiombio, anagawa hela ovyo, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo. Akitaka kufunga Ramadhani amuone daktari kwanza, maana mwili ukikosa maji lithiamu hupanda kwenye damu. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, nayo huipandisha, asimeze kiholela. Na kaeni naye sasa, akiwa mzima, achague mwenyewe nani amshikie pesa dalili zikianza.