Maswali na majibu: kansa ya thairoidi inayojificha

TSH yangu iko sawa. Basi sina kansa?
Swali hili haliishi. TSH ni homoni inayopimwa kwenye damu; huonyesha kama thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, inafanya kazi, haitafuti kansa. Wagonjwa wengi wa kansa hii homoni zao ziko sawa kabisa. Una uvimbe shingoni? Nenda altrasaundi.

Nina miaka 42, nina uvimbe wa maji ubavuni mwa shingo. Sindano haikukuta seli za kansa. Daktari anataka kuutoa, anasema nimezaliwa nao.
Usikubali kisu bado. Uvimbe "wa kuzaliwa" unaojitokeza ukubwani ni wa kutiliwa shaka. Kansa ya papilari, aina mojawapo ya kansa ya thairoidi, hupenda kuhamia tezi za limfu za shingo, na tezi hizo huweza kugeuka mfuko wa maji. Sindano ikivuta maji matupu, seli huwa chache na majibu yanatoka safi kwa uongo. Omba altrasaundi ya thairoidi na ya shingo pande zote mbili, kisha maji yatakayovutwa yapimwe thairoglobulini. Protini hiyo hutengenezwa na seli za thairoidi tu. Ikijaa kwenye uvimbe wa pembeni, mmempata mwizi. Chanzo chenyewe kinaweza kuwa cha milimita chache, kidole hakikigusi. Uvimbe ukitolewa kiholela, daktari atakayerudi kutoa tezi zenye kansa shingoni atapambana na makovu.

Naweza kumeza levothairoksini (vidonge vya homoni ya thairoidi) na chai?
Maji tu, tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Kalsiamu na madini chuma, yapite masaa manne kwanza.

Mama amevunjika paja bila kuanguka. Biopsi (kipimo cha kipande) ya mfupa inasema kansa imetoka thairoidi, na shingo haina uvimbe. Kwa nini thairoidi itolewe?
Kansa ya folikula, aina nyingine ya kansa ya thairoidi, husafiri kwa damu hadi mapafu na mifupa, hata chanzo kikiwa bado kidogo. Thairoidi ikibaki, itafyonza ayodini ya mionzi, dawa ya kuua seli za kansa hii, na mfupa utaambulia patupu. Hamkuuliza, lakini: ulizeni kama picha ya CT ilipigwa kwa dawa ya kung'arisha mishipa. Dawa hiyo ina ayodini tele, na tiba ya mionzi inaweza kulazimika kungoja mwezi mmoja au miwili.

Nipige altrasaundi kila mwaka hata bila uvimbe?
Hapana. Korea Kusini walipimana hovyo; kufikia 2011 kansa hii iligunduliwa mara 15 zaidi ya 1993, na vifo havikupungua. Aliyepigwa mionzi shingoni utotoni ana hesabu yake. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua kansa ya medula, aina ya kansa ya thairoidi inayoweza kurithiwa, naye asingoje uvimbe: apime RET, jeni inayoirithisha, na kalsitonini, homoni inayotolewa na kansa hiyo.