Wanafunzi wa sekondari kupenda kusoma: kilichofanya kazi shuleni kwetu huku Dodoma

Mkuu umeuliza ufanyeje watoto wako wa kidato cha pili wasome kitu zaidi ya noti za ubaoni, maana ukiwaazimisha kitabu wanakirudisha kama kilivyo. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kata upande wa Chamwino na nakwambia hao watoto kusoma hawakuchukii, wanachukia kusomeshwa kwa ajili ya mtihani. We fikiria, kitabu kizima cha kwanza anachokutana nacho mtoto ni kile cha fasihi, hajafika hata ukurasa wa tatu keshaambiwa taja dhamira, taja wahusika, fani na maudhui, basi anakimbilia steshenari kununua uchambuzi wa kurasa chache na kitabu chenyewe hakigusi tena mpaka anamaliza fomu foo. Utamu atauonea wapi?

Halafu kuna hili la lugha ambalo wengi wanalipita juu juu. Mtoto katoka shule ya msingi anasoma kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza, kila ukurasa vita. Ukimpa na hadithi ya Kiingereza ukasema ni ya kujiburudisha umemwongezea mzigo tu. Anza na Kiswahili, tena vitu vyepesi, hadithi za upelelezi, za mapenzi zenye staha, hata magazeti ya michezo. Kuna walimu watanibishia hapa eti Kiingereza kitashuka, mimi sikubali kabisa, mtoto akishazoea kukaa na kitabu ndo huyohuyo baadaye anakuja mwenyewe kuulizia cha Kiingereza, nimewaona.

Ila kilichobadilisha mambo kwetu ni kuwasomea kwa sauti. Dakika kumi za mwisho za kipindi naachana na noti, nasoma hadithi, na pale jamaa anaposukuma mlango na kukuta damu sakafuni nafunga kitabu. Weee! Darasa zima "madam maliziaaa". Simalizii, nakiacha mezani natoka. Kesho yake unakuta kimeshapita mikono ya watu, na kuna binti yuko foleni ya maji, dumu pembeni, anawahadithia wenzake, akikosea jina la mhusika wanamrekebisha palepale. Na hapo usiulize swali lolote mkuu, usitoe zoezi, ukishatoa zoezi umeua kila kitu.

Kingine toa vitabu kabatini. Shule niliyokuwepo zamani vilikuwa vinafungiwa ofisini na kufuli, eti vitachanika. Sasa si vichanike! Sisi tunavifunika kwa kalenda za zamani, kaunta buku la kuazimia analishika mwanafunzi sio mwalimu, kikichanika gundi ipo. Vinapotea, ndiyo, lakini bora kipotelee nyumbani kwa mtu ambako kuna dada au mdogo mtu atakiokota asome kuliko kuliwa na mchwa kabatini.

Na vya kwetu usiviache. Huku Ugogoni tunaye Mathias Mnyampala, mtu wa hapohapo Ihumwa, kazaliwa 1917, mshairi mkubwa ambaye aliandika na historia na mila za Wagogo, na watoto wengi hata jina hawalijui, inauma sana. Niliwapa ngonjera wasome kwa kupokezana, maana ngonjera watu wanajibizana kwa beti, basi wale wavulana wa dawati la nyuma ambao hawafunguagi mdomo ndo wakawa wanagombania zamu.

Hela za vitabu vipya hata sisi hatuna, vingi ni vya mtumba na vingine wametuletea wazazi. Wakija mjini wikendi nawaelekeza maktaba ya mkoa. Wewe kama unaanza muhula huu, anza na kidato cha kwanza na cha tatu kwanza, hao hawana mtihani wa taifa mwaka huu kwa hiyo hata mkuu wa shule hatakusumbua kwamba unawapotezea muda, hao wako wa kidato cha pili wasomee hadithi tu mwisho wa kipindi mpaka wafanye mtihani wao ndo uwafungulie kabati.