Kiunzi cha mifupa: anza na hesabu, majina yatafuata

Wengi wanaoanza kusoma mifupa hukariri majina kwanza, na wakiruka mfupa hawajui wameuruka wapi. Hesabu itakuonyesha. Mtu mzima kwa kawaida ana mifupa 206: 80 ya fuvu, shingo, mgongo na kifua, na 126 ya mikono na miguu pamoja na mabega na nyonga.

Hizo 80 ndizo zinazosumbua. Fuvu lina mifupa 22, yaani 8 inayokinga ubongo na 14 ya uso. Uti wa mgongo una 26: pingili 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha sakramu na kifandugu. Hiyo miwili ya mwisho ni pingili zilizoshikamana, kwa hiyo kila mmoja huhesabiwa mfupa mmoja. Mbavu 24 (mwanamume na mwanamke sawasawa, usibishane), kidari 1. Jumla 73. Saba imekwenda wapi? Vijifupa 3 ndani ya kila sikio, na hayoidi iliyo chini ya ulimi, isiyogusana na mfupa wowote.

Mkono mmoja una 30: humerasi (mfupa wa juu ya kiwiko), radiasi na ulna (miwili ya chini ya kiwiko), 8 ya kifundo, 5 ya kiganja, 14 ya vidole. Mguu nao 30, ila kifundo chake kina 7. Pengo linazibwa na pia ya goti. Ongeza mitulinga 2, makombe ya bega 2 na mifupa ya nyonga 2, upate 126.

Radiasi na ulna huchanganywa kwa sababu kiganja kikigeuzwa nyuma, radiasi hupita juu ya ulna. Zisome viganja vikitazama mbele: radiasi iko upande wa kidole gumba.

Ukipewa pingili moja, tazama pande zake. Yenye tundu kila upande ni ya shingo. Yenye vikalio vya mbavu, yaani sehemu ambapo mbavu hushikana nayo, ni ya kifua. Isiyo na kimojawapo, tena nene, ni ya kiuno. Femuri, yaani mfupa wa paja, isimamishe kichwa kikiwa juu na ukingo wake wenye mkwaruzo ukielekea kwako, kana kwamba unamtazama mtu kwa nyuma. Kichwa kikielekea kushoto, ni ya mguu wa kulia.

Hesabu hii usiijaribu kwenye picha ya eksirei ya mtoto. Nyonga yake bado ni vipande vitatu kila upande, vikishikwa na gegedu.