Konvata ya volti 48 kwenda 12 inalia tik-tik: acha kubadilisha chipu

Ndugu, unasema konvata yako inalia tik-tik, multimita inaruka hadi volti 3 kisha inarudi sifuri, na UC3842, ile chipu inayoiendesha konvata, umeshaibadilisha mara tatu. Iache hiyo chipu. Mwaka jana yalinipata hayohayo hapa kibandani kwangu Kariobangi, Nairobi, na sitaki upoteze wiki kama mimi.

UC3842 haiwaki mpaka ipate volti 16 hivi, na ikishawaka, ikishuka chini ya 10 inazima. Rezista ya kuwashia haiwezi kuilisha, inajaza kapasita tu. Baada ya hapo inalishwa na ile koili ndogo ya tatu ya transfoma. Koili isipoleta kitu, kapasita inaisha, chipu inazima, kapasita inajaa tena. Ndiyo tik-tik yako hiyo. Shoti upande wa kutokea pia huleta mlio huo, kwa hiyo toa mzigo na upime dayodi ya huko kwanza.

Ukikuta haina shoti, lisha mguu wa 7 wa chipu, ambako umeme wake huingilia, kutoka nje, hasi ikae mguu wa 5. Mimi nilichukua betri ya pikipiki ya volti 12, nikakaa jioni nzima naitazama. Kimya. Volti 12 zitafikaje 16, jamani! Kesho yake nikaazima sapulai, nikaiweka 18, na mara moja konvata ikatoa 12.1, imetulia tuli. Kumbe mosfeti (swichi ya umeme), transfoma na optokapla (inayorudisha habari ya tokeo kwa mwanga) vyote vilikuwa vizima.

Ikabaki dayodi ya koili ndogo. Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, nilikuwa nimeomba UF4007, dayodi ya kasi, nikafungiwa kwenye kikaratasi vitu vyeusi vyenye mstari wa fedha, na sikusoma. Nilipoing'oa na kuiweka chini ya lenzi: 1N4007. Umbo ni lilelile, lakini hiyo ni ya stima ya hezi 50. Konvata yangu inapiga kilohezi 100, na kwa kasi hiyo haiwahi kufunga, kinachoingia kinarudi kilikotoka. Nikaweka UF ya kweli, tik-tik ikaisha.

Kama ya kwako ni sahihi, geuza ncha za koili hiyo ndogo, huenda ilifungwa kinyume.

Kuhusu TL431 uliyoishuku, ile inayopima volti za tokeo: zima volti 48, peleka sapulai kwenye tokeo, panda polepole kutoka 11 hadi 13. Upande wa transista wa PC817, yaani optokapla, uwe umeunganishwa na multimita ya ohmu. Ukikaribia 12 ohmu zianguke ghafla. Zisipoanguka, kagua rezista zinazogawa volti, kwa sababu TL431 inataka 2.5 pale kwenye mguu wake wa kumbukumbu.

Na tafadhali, klipu za ardhi za osiloskopu usizifunge pande zote mbili za transfoma kwa pamoja. Ukifanya hivyo umeshaziunganisha pande hizo, na kule kutenganishwa na transfoma kumekwisha.

Ukipima mguu wa 7, niandikie unapanda hadi ngapi na unashuka hadi ngapi.