"Nimeambukizwa" au "niliwahi kuambukizwa"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilipima homa ya ini aina ya B hapa Moshi. Karatasi inasema: HBsAg hasi, anti-HBc chanya, anti-HBs chanya. Wa dirishani akaniambia, "Umeambukizwa." Sasa ndugu zangu wakikaa kunywa mbege, kata inanipita. Neno lile lilikuwa sahihi? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Marahaba. Kisarufi halina kosa. Kwa karatasi yako, limepotosha.

Kiambishi -me- mara nyingi hudokeza kwamba jambo lililotokea bado lipo. Ukiambiwa "mtoto amelala", unapunguza redio. Ukiambiwa "mtoto alilala", unaiacha ilie. Ndugu zako waliposikia "ameambukizwa" walielewa kuwa virusi vimo mwilini mwako leo, na masikio yao hayakukosea.

Ila karatasi inasimulia mengine. HBsAg ni antijeni ya ganda la nje la kirusi. Ingeonekana, "ameambukizwa" lingekaa mahali pake. Ikidumu zaidi ya miezi 6, tunasema "ana maambukizi sugu". Kwako haikuonekana. Anti-HBc ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, na kwa kuwa chanjo haina kiini hicho, aliyechanjwa tu hawi nayo. Wewe ulikutana na virusi vyenyewe. Anti-HBs ndiyo kinga uliyobaki nayo. Kwa hiyo sema: "Niliwahi kuambukizwa, nikapona."

Usidondoshe kitenzi cha pili. "Niliwahi" peke yake ni kufika mapema, kama mtu aliyewahi basi la Arusha pale stendi. Wala usiseme "virusi vimekwisha", kwa sababu mabaki yake huweza kujificha kwenye ini miaka mingi. Siku ukiandikiwa dawa za kushusha kinga ya mwili, mwoneshe daktari karatasi hiyo kwanza.

"Chanya" nalo hutusumbua. Mtaani ni sifa: mawazo chanya, mtazamo chanya. Maabara ni "kilichotafutwa kimeonekana", basi, kiwe kibaya au kizuri.

Kuhusu kata: virusi hivi hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Hata mwenye maambukizi sugu haambukizi kwa kuchangia chombo cha kunywea. Ikikupita tena, idai. Kama mbege yenyewe inalifaa ini lako, hilo si swali la lugha.